Kiti Kilichokuja na Joto Lake

Uvumi ulianzia kwenye meza ya kukunjia mashuka. Walisema fundi viatu wa mtaa wa juu alikuwa akishona soli huku akipiga mluzi, na kabla hajakata uzi, kiti kikaja. Hakikuletwa na mtu. Kilikuja tu, kikakaa karibu na dirisha, cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Ukigusa pa kukalia unakuta pana joto, kama pa mtu aliyenyanyuka sasa hivi kwenda kufungua mlango.

"Wapole wakaja wakakichukua," alisema Bi Pasi, msimamizi wa nyumba ya kufulia. "Kwa heshima zote. Wakamwachia maua."

"Kiti cha nani?" aliuliza mwenzake.

"Angejua cha nani, angesema kiti kimekuja? Si angesema fulani amekuja!"

Wakacheka, wakaendelea kukunja. Mama Pacha hakucheka. Uvumi ule ulimwingia kama mbu ndani ya chandarua: akinyamaza, ndiyo kwanza unajua yumo.

Wakati huo Mji ulikuwa umekamilika. Njaa ilikuwa imekwisha. Milango haikuwa na kufuli, dawa zilikuwa bure, na watu walifanya kazi asubuhi, mchana wakapumzika. Ndani ya kuta za kila nyumba ulipita mvumo laini, usio na mwanzo wala mwisho, na huo ndio ulikuwa muziki wa Mji. Wapiga ngoma na wapiga gitaa walipewa kazi nyingine, wakashukuru. Si kwamba muziki mwingine ulikatazwa. Mjini hapakuwa na makatazo. Palikuwa na ushauri.

Aliyekosa utulivu alishauriwa kwenda Mapumzikoni. Gari la kijani lilimfuata asubuhi na mapema, bila honi, na Wapole wawili wenye mashati meupe wakamshika mkono apande asijikwae. Walioliona gari likipita walilipungia. Aliyepanda hakurudi, na hakuna aliyemuulizia, kwa sababu mtu akihamishwa husahauliwa kabla chai haijapoa. Kwa njia hiyo Mji ulikuwa umemaliza majonzi.

Mama Pacha alikuwa mpiga kodiani, kile kinanda cha kukumbatia kifuani, unakivuta na kukisukuma kinapumua. Zamani hiyo. Siku hizi mtu akimuuliza kazi yake alisema, "Nakunja mashuka," na kodiani ilikuwa juu ya kabati, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana mtu mzima, jina lake Pacha. Mtaa mzima ulimwita mama huyo Mama Pacha, na hakuna aliyeona ajabu. Mtu akiitwa Simba, nani humuuliza mkia uko wapi?

Jioni ya siku ya uvumi, alipanda juu ya stuli akaishusha kodiani. Pacha alikuwa ametoka kazini. Kazi yake ilikuwa kukagua kuta: alipita nyumba hadi nyumba na fimbo ya chuma, akizigonga, akitega sikio, na mvumo ulipokwaruza aliutengeneza.

"Mama, hicho kinanda kinanuka panya."

"Panya ndio waliokuwa wakikisikiliza miaka yote. Kaa."

Ngozi ya mivukuto ilikuwa imekauka, na sauti ya kwanza ilitoka kama mlango wa banda. Ya pili ilikuwa sauti. Vidole vilianza kwenda vyenyewe, na Mama Pacha akavifuata, kama mtu anayemfuata mbuzi wake anayejua njia ya nyumbani. Ukatoka wimbo. Ulikwenda vizuri mpaka mahali fulani, kodiani ikiwa imevutwa mpaka mwisho, ukasimama. Alirudia. Ukasimama palepale. Mivukuto ilikuwa wazi, inasubiri, na mkono wake haukutaka kusukuma.

Ulipokataa mara ya tatu, kiti kikaja. Kilikaa mezani, kati ya kiti cha mama na kiti cha Pacha. Kilikuwa cha mtoto, kirefu kidogo ili afikie meza, na ukingo wake ulikuwa na alama za meno.

Pacha aliweka kiganja pa kukalia. "Pana joto. Nani anakuja?"

"Sijui," alisema mama. "Ongeza sahani."

Wakala. Sahani ya tatu haikuguswa, na wimbo ule haukumtoka Mama Pacha mdomoni hata alipokuwa anaosha vyombo.

Madirisha yalikuwa wazi jioni ile, na sauti haina mpaka. Kesho yake nyumba sita za mtaa zilikuwa na viti. Fundi saa, jirani wa ukuta mmoja, alipata viwili, kimoja cha kuzunguka. Bi Pasi alipata benchi zima.

"Benchi!" alilalamika. "Watu wangapi walikaa kwangu hapa? Au nilikuwa na kanisa?"

"Mimi kimekuja kigoda," alisema jirani mwingine. "Mke wangu amekiangalia akasema hiki cha mume wangu wa kwanza. Nikamwambia, wewe hukuwahi kuolewa kabla yangu. Akasema, ndivyo nilivyojua na mimi."

Wakacheka mpaka wakafuta macho. Kisha wengine wakaendelea kuyafuta.

Jioni walikuja mlangoni. "Mama Pacha, vuta kidogo." Akavuta. Wapole walipita asubuhi na gari la kubebea mizigo, wakakusanya viti vyote, wakaacha maua. Jioni Mama Pacha alivuta tena, na viti vikarudi mahali pake, na joto lake. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Asubuhi vinakwenda, jioni vinarudi, kama kuku.

Ijumaa moja Mama Pacha alikuwa anapakua chakula. Alitoa kichwa dirishani akaita kama anavyoita siku zote, ila mdomo ulimtangulia: "Wanangu! Chakula!"

Pacha aliingia akasimama mlangoni. "Umesemaje?"

"Nimesema chakula."

"Umesema wanangu."

Mama Pacha aliutazama mwiko. "Basi mko wawili," alisema.

"Mimi ni pacha wa nani, mama?"

"Wa huyo." Alikionyesha kiti kidogo kwa mwiko.

Waliacha chakula kipoe. Alichukua kodiani, akapiga mpaka pale pa kukwama. Safari hii Pacha alikuja upande wa kushoto, akaweka kiganja kwenye mivukuto, akasukuma. Wimbo ukavuka. Ng'ambo ya pale ulikuwa umebaki mwingi, tena ndio mtamu wenyewe.

"Mimi sikuwa nasukuma," alisema Pacha, akishangazwa kidogo tu na sauti yake. "Mimi nilikuwa upande ule, napiga makofi. Anayesukuma alikuwa yeye. Alikuwa anasukuma kabla ya zamu, nawe unamwacha."

"Ndipo ukawa wimbo," alisema mama.

Sura ya mtoto yule haikumjia. Kilichomjia ni kiganja kidogo chenye harufu ya sabuni. Kikamjia na kilio: mtoto yule alikuwa akilia kila wimbo ulipokwisha, kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Wapole walikuja wakashauri. Na asubuhi moja yeye mwenyewe aliamka mwepesi, akajiona amechoka na muziki, akakifunga kinanda blanketi akaenda kuomba kazi ya mashuka.

"Sikuwa nimechoka," aliuambia ukuta. Ukuta uliendelea kuvuma. "Na kuanzia leo anayeniuliza kazi yangu nitamjibu. Mashuka ni ya asubuhi. Mimi ni mpiga kodiani, na ni mama wa watoto wawili."

Siku chache baadaye Wapole walikuja wawili, wakavua viatu mlangoni, maana walikuwa na adabu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo wanangu. Kaeni chini. Viti hivyo vina wenyewe."

Wakakaa kwenye mkeka. "Mama umechoka," alisema mkubwa wao.

"Nilichoka niliponyamaza. Sasa nimepumzika."

"Watu wanalia mtaani, mama. Mji ulikuwa umemaliza hilo."

"Mliyamaliza majonzi au mliwamaliza wenye majonzi?"

Mpole mdogo aliinamisha kichwa. Mkubwa alitabasamu, maana ndiyo kazi yake. "Tunakushauri utupe kinanda tukutunzie. Au wewe mwenyewe ukapumzike. Au," na hapa aliangalia fimbo ya chuma pembeni mwa mlango, "binti. Tumesikia kuta za mtaa huu zinakatika sauti, na mkaguzi anapita tu."

Ilikuwa kweli. Tangu Ijumaa ile, palipokwaruza mvumo Pacha alipaacha pakwaruze, na palipokatika alipitisha kiganja akasema, "Hapa pazima." Nyumba nne zilikuwa na kimya cha kweli, na wenyewe walikuwa wamekumbuka namna ya kukohoa.

"Kinanda sitoi," alisema Mama Pacha.

"Na mimi kuta sitengenezi," alisema Pacha kutoka jikoni.

Wapole walishukuru kwa kupokewa vizuri, wakavaa viatu vyao.

Walipoondoka, mama alimfuata Pacha jikoni. "Pacha, mwanangu, tengeneza hizo kuta. Nakuomba. Mmoja nimeshampoteza bila hata kuaga, nami nikaamka nikanywa chai!"

"Wakinichukua utanisahau?"

Mama Pacha hakuwahi kumdanganya mtoto. "Nitakusahau. Kila mtu husahau."

"Basi itakuwaje?"

"Nitavuta."

"Na ukisahau kuvuta?"

Jibu la hilo alilipata Pacha mwenyewe. Kuanzia kesho yake, kila mama alipokwenda kukunja mashuka, Pacha aliitoa kodiani akaiweka kizingitini, katikati ya mlango, ili atakayeingia asipite bila kuinyanyua.

Gari la kijani lilikuja Jumatano, mama akiwa kazini. Pacha alikuwa ndiyo kwanza ameweka kodiani mlangoni. Aliwaomba Wapole wairuke, wasiisogeze. Wakairuka. Walikuwa na adabu.

Mama Pacha alirudi mchana akiwa mwepesi. Njiani alisalimia watu wote. Alijua anaishi peke yake, tena vizuri, na alikuwa anafikiria kulala kidogo. Kwenye mlango wake alikuta kinanda.

"Nani ameacha dude hili njiani?" alisema. Akainama kulisogeza. Lakini kodiani hainyanyuliwi kama ndoo. Lazima upitishe mikono kwenye mikanda yake, na mikono ikishapita huko, basi. Akavuta. Wimbo ukaja mpaka pale, ukasimama.

Alisubiri. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu. Aligeuka, akaegemeza kodiani kwenye ukuta, ule ukuta wenye mvumo, akaisukumia kwa uzito wake wote. Wimbo ukavuka.

Viti vikaja viwili. Kimoja kidogo, chenye alama za meno. Kingine cha mtu mzima, mguu wake umechubuliwa na fimbo ya chuma iliyokuwa ikiegemezwa hapo kila jioni. Alivigusa. Vilikuwa na joto sawasawa, joto la pacha.

Akalia. Alilia madirisha yakiwa wazi, kwa sauti, jinsi mtoto wake alivyokuwa akilia wimbo ukiisha, na hakumaliza upesi. Kisha akaosha uso, akapanga sahani tatu.

Baraza la Mji halikuwa na ubaya na mtu. Lilipoona viti haviishi, lilivikubali. Kuta zilitangaza kwamba Mji sasa una viti vya kumtosha kila mtu, jambo ambalo hakuna mji mwingine uliowahi kulifikia. Vilivyokusanywa vilipakwa rangi nyeupe, vikapangwa bustanini na vituoni, na wananchi wakashauriwa kuvikalia. Wengi walivikalia. Walisema vizuri, hasa nyakati za baridi.

Gari la kijani liliendelea kupita asubuhi.

Mama Pacha hawakumhamisha. Wapole walikaa wakajadiliana, wakaona mtu anayesahau kila alfajiri ni mtulivu wa kutosha. Maana tangu Pacha ahamishwe ndivyo ilivyokuwa: aliamka mwepesi kila siku, akanywa chai, akakunja mashuka akiimba mvumo wa kuta. Jirani yake fundi saa alihakikisha kodiani iko kizingitini kabla hajarudi. Kila mchana aliilalamikia, akainama, akavuta, akasukumia ukuta, akawapata wanawe wote wawili upya, akalia, akapanga sahani. Na mvumo wa ukuta ule, mahali anaposukumia, ulikatika kabisa. Mkaguzi mpya alikuja akagonga, akatega sikio, akaangalia viti. Akapitisha kiganja akasema, "Hapa pazima."

Viti vya Mama Pacha havikupakwa rangi. Waliofika na ndoo ya rangi aliwakuta mlangoni jioni, akiwa ameshakumbuka, na wao wenyewe walisimulia walivyokimbia.

Jioni hizo, akina mama wenye watoto wadogo humfuata wakamuuliza wafanye nini. Huwaambia la kufanya halijui, yeye mwenyewe anavuta tu. Ya kuepuka ndiyo anayoyajua, na huwapa haraka kabla hakujakucha:

Usimpe mtu chombo chako akutunzie.

Usikubali kuambiwa umechoka na mtu aliyekuja na gari.

Usimnyamazishe mtoto anayelia wimbo ukiisha.

Usimzuie anayesukuma kabla ya zamu yake.

Usiliitikie jina lako bila kulisikiliza.

Usinywe chai ya asubuhi kabla hujawaita wote kwa majina.

Usiuamini wepesi uliokujia usingizini.

Usisogeze kitu kilichowekwa mlangoni mpaka ujue nani amekiweka.

Usikalie kiti chenye joto.