Ungo Uliojifunza kwa Darlène

Jumanne asubuhi, saa mbili kasoro, Darlène aliweka ungo chini ili afunge kitambaa kichwani, na ungo ukaendelea kupepeta mchele bila yeye. Makapi yaliruka upande wa mlango, mchele ukabaki katikati, safi kabisa. Darlène alimaliza kufunga kitambaa, akamsubiri patron.

Patron alikuwa Grégoire, mwenye depo ndogo ya mchele karibu na soko la Kasongo. Aliutazama ungo kwa muda mrefu, mikono nyuma. Alikuwa mdadisi, hilo simnyimi. Angefungua redio mpya ili aone tu ndani kuna nini.

"Iko inapepeta kama wewe," alisema.

Ilikuwa kweli. Kila uliporusha mara kumi na mbili, ungo ulitulia kidogo, kwa sababu Darlène ana mgongo mbaya na kwa miaka kumi na minne alitulia hapo hapo.

Grégoire alichukua daftari akaanza kuchunguza ni kazi zipi nyingine za depo zingeweza kujifanya zenyewe. Fagio lilijifunza siku ya tatu. Sindano ya kushonea magunia ilijifunza siku ya tano. Pazia la mlangoni lilianza kusema "Karibu mama, karibu baba" kwa sauti ya Darlène, na lilimkaribisha hata mbuzi. Mizani peke yake haikujifunza kitu, maana kila mteja alipimiwa kivyake. Hapo Grégoire akapata kanuni, akaiandika: kazi inayojifanya yenyewe ni ile tu ambayo mtu ameirudia mpaka akaacha kuifikiria. Ningekuwa yeye, ningeipigia mstari.

Kulikuwa na mambo mawili madogo. Ungo ulifanya kazi Darlène akiwa karibu. Akienda zaidi ya hatua tatu, ulilala. Pia sugu za viganja vyake zilihamia kwenye ukingo wa ungo, moja baada ya nyingine, na mikono yake ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Wanawake wa sokoni walimwuliza anapaka mafuta gani.

Mpunga, ukiwa umeshatwangwa, ulitoka Kabambare kila Jumamosi kwa pikipiki ya Ismaël. Ismaël alileta pia habari za mama yake Darlène, aliyeishi huko na ambaye macho yake yalikuwa yanafifia. Mama alitaka jambo moja, amwone binti yake usoni kabla giza halijatimia. Nafasi ya nyuma ya pikipiki ilirudi tupu kila wiki. Na kila Jumamosi, tangu mwaka jana, Darlène aliomba.

"Patron, naomba ruksa ya siku tatu, nifike kwa mama."

"Bado, mama Darlène. Maliza kwanza mupunga."

Zamani mpunga uliisha Ijumaa jioni, na Jumamosi ukafika mwingine. Sasa, kwa kuwa ungo hauchoki, Grégoire aliagiza mara nne zaidi, na haukuisha kabisa. Kuna mwanamke wa depo hiyo hiyo aliyewahi kusafiri bila ruhusa. Aliporudi alikuta mtu mwingine ameketi mahali pake.

Jumamosi ya tatu tangu ungo ujifunze, Grégoire alikuwa amesimama mlangoni, anatafuna punje za mchele mpya. Darlène akaomba. Kabla Grégoire hajafungua kinywa, kiti chake cha plastiki, kilichokuwa kitupu, kilijibu kwa sauti yake: "Bado, mama Darlène. Maliza kwanza mupunga."

Hakuna aliyeshtuka. Grégoire alikizunguka kiti, akakiinua, akatazama chini yake.

"Kumbe na hii," alisema. Alifurahi sana.

Ismaël alikuwa anafunga magunia matupu. "Mama yako anasema usifanye haraka tena," alimwambia Darlène. "Macho ilishafunga. Lakini ukifika, atakujua kwa mikono. Anasema sugu zako hawezi kuzikosea, ni yeye alikufundisha kupepeta."

Darlène alitazama viganja vyake. Kisha alipitisha kidole kwenye ukingo wa ungo, polepole.

"Basi mumupelekee lungo," alisema. "Ashike hiyo."

"Bado," kilisema kiti. "Maliza kwanza mupunga."

Grégoire angeweza kusema neno lingine. Kinywa kilikuwa chake, na asubuhi hiyo hakikuwa na kazi ila kutafuna. Alifungua daftari, na chini ya fagio, sindano na pazia akaandika "ruksa", akaweka alama.

Ismaël alingoja kidogo, akawasha pikipiki. Darlène alimsindikiza mpaka barabarani, na nyuma yake ungo ukalala. Aliporudi akaketi, ukaanza tena. Ulirusha mara kumi na mbili, kisha ukatulia kidogo, kwa ajili ya mgongo.