Maombi ya Kufungulia Mkutano

Haya, sikia nikutegee. Nina milango miwili, haina bawaba wala kitasa. Nikiifunga kwa adabu, mwizi naye huingia kwa adabu. Ni nini? Usikimbilie kujibu, na ukishindwa usinipe mji. Mji ninao tayari, na habari zake ndizo hizi.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa halmashauri. Viti vya plastiki vilipangwa safu kumi na mbili, na waliochelewa waliegemea ukuta. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, chupa tatu za maji, na nyuma ya meza ramani ya mji imebandikwa ukutani kwa pini nne. Ramani ilikuwa imekaa pale wiki nzima ili kila mwananchi aione, na wananchi walikuwa wameiona. Nyuma ya kituo cha afya, palipo na wodi ya wazazi yenye vitanda vinne, palipakwa rangi ya buluu, na pembeni paliandikwa kwamba vitaongezwa vitanda kumi na viwili. Siku hiyo watu walikuja kunyoosha mikono tu, jambo liwe halali, warudi kwenye shughuli zao.

Katika mji ule mkutano hauanzi mpaka Mchungaji aombe. Alikuwa amefungua mikutano miaka kumi na moja, na kiti chake kilikuwa mkono wa kulia wa Mwenyekiti wa halmashauri. Wapo waumini walionong'ona kwamba mtu wa madhabahuni hakai meza moja na wanasiasa. Mchungaji alikuwa na jibu lake: ukitaka kumwonya mkubwa, sharti ukae mahali atakapokusikia. Lilikuwa jibu zuri. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amekaa mahali pa kusikika.

"Mchungaji," Mwenyekiti alimwinamia sikioni, "leo omba kwa kirefu. Mambo ya akina mama haya, yanamtaka Mungu sana."

Mchungaji akasimama, akasema tufumbe macho, na watu mia tatu na kumi wakafumba.

Aliombea mvua. Akaombea wasafiri, wagonjwa, wajane. Alipofika kwa viongozi alifumbua macho kidogo, kama alivyozoea tangu utotoni, kwa kuwa alipenda kuona midomo ya watu inavyotembea wakati wa maombi. Akamwona karani wa halmashauri anakuja kwa ncha za vidole, viatu kavibana kwapani. Karani alichomoa pini nne, akaiviringisha ramani, akabandika nyingine. Kwenye hii mpya, palipokuwa buluu palikuwa manjano, na pembeni paliandikwa: nyumba ya wageni, ghorofa mbili.

Mwenyekiti naye alikuwa macho wazi. Wakatazamana, yeye na Mchungaji, kama watu wawili waliogongana mlangoni pa choo. Mwenyekiti akampa ishara kwa kidevu kwamba aendelee.

Mchungaji akaongeza yatima.

"Amina," akasema mwishowe. Ukumbi mzima ukaitikia amina, na macho hayakufumbuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mmoja alisikika akisema, "Yangu yamegoma," na jirani yake akamwambia, "Hata yangu. Tusubiri." Mwenyekiti hakusubiri. Alisema wanaoikubali ramani iliyo ukutani wanyooshe mikono, na mikono ikapanda yote, maana ramani waliijua. Karani akaandika kwamba hakuna aliyepinga.

Mchungaji alisimama mlangoni kuwapa watu mkono. Akafikiwa na Mama Vifungo, fundi cherehani wa sokoni, mama mtu mzima aliyemshonea majoho yake yote matatu. Amemshika mkono binti yake, mjamzito wa miezi saba, na macho ya wote wawili yamefumba vizuri tu, kama ya watu waliolala.

"Mchungaji," alisema Mama Vifungo, "na wewe ulifumba?"

"Mama yangu, maombi ni ya moyo, si ya macho."

"Moyo sijauuliza. Nimekuuliza wewe."

"Mungu akubariki, mama," alisema Mchungaji, akampa mkono aliyefuata.

Watu walirudi makwao bila kupotea njia. Mwuza nyama alikata nyama na vidole vyake vikabaki kumi. Mganga wa kituo cha afya, ambaye naye alikuwa mkutanoni, aliwapima kwa kupapasa, akaandika "yamefumba, hayaumi," kila mmoja akaambiwa arudi baada ya wiki tatu. Mama Vifungo alisema uzi sasa unaingia kwenye sindano haraka zaidi, zamani macho yalikuwa yanabishana na mkono. Halmashauri ilibandika tangazo la kuwaomba wananchi wawe watulivu. Lilikuwa na herufi kubwa, na halikusomwa na mtu.

Wale ambao hawakwenda mkutanoni walikwenda kanisani Jumapili. Mchungaji alisema tufumbe macho, kwa mazoea, na baada ya amina ikawa ndiyo hivyo.

Yeye mwenyewe ilimwendea kinyume. Tangu Alhamisi ile macho yake yaliacha kufumba. Alilala yamekodoa, akawa anayafunika kwa leso iliyoloweshwa maji. Mwenyekiti hakupatwa na kitu. Alifumba akitaka na kufumbua akitaka, na usingizi wake ulikuwa mzuri.

Jumatatu Mchungaji alivaa kola yake akaenda ofisini kwa Mwenyekiti. Alikuwa amehubiri mara tatu juu ya kusema kweli mbele ya wakubwa, mara zote kanisani, ambako wakubwa hawakuwepo. Njiani alirudia maneno yake kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Mwenyekiti, ile ramani."

"Ramani gani, Mchungaji wangu?"

"Nilimwona karani."

Mwenyekiti alimmiminia chai. "Hebu tusaidiane hapo. Kama ulifumba, hukuona kitu. Kama hukufumba, ulikuwa unaomba au unachungulia? Watu watataka kujua. Mimi binafsi sitaki kujua." Akasogeza sukari. "Tuombee chai."

Mchungaji akaiombea chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Kibali cha kiwanja cha kanisa hutolewa na halmashauri mwaka hadi mwaka. Wiki ile kililetwa nyumbani na karani mwenyewe. Mke wa Mchungaji alikipokea, akakipapasa kwa kidole gumba mpaka akauona mhuri.

"Karani ameniambia safari hii ni miaka mitano," alisema. "Wamekuwa wema ghafla."

"Wamekuwa wema."

"Mbona unakwepa meza bila kuigusa, baba? Sisi wote tunaigusa." Alikunja kibali, akakiweka kabatini chini ya mashuka.

Mchungaji alijiambia kwamba waumini mia nne wakikosa paa hawatasaidia wodi kusimama. Alijiambia pia kwamba atasema Jumapili. Jumapili ilipofika akawatazama, safu kwa safu, nyuso zimeinuliwa kwake zimefumba, zinamwamini, akahubiri juu ya subira.

Wiki ya tatu mkunga alihamishiwa kituo cha mbali. Vitanda vinne vikapakiwa kwenye lori. Katapila likaanza kazi asubuhi moja, na watu wakatoka vibarazani kulisikiliza. "Wanapanua wodi," waliambiana. "Safari hii wamefanya kweli." Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji aliitwa kuweka wakfu jiwe la msingi, akaomba kwa kifupi, na waliohudhuria wakapeana hongera.

Alipokwenda kupimwa joho la nne, Mama Vifungo alimzungushia utepe kifuani huku amebana pini midomoni.

"Umepungua," alisema. "Na lile swali langu?"

"Swali gani, mama?"

"Kwani nina maswali mangapi kwako?" Akachoma pini begani, karibu kidogo na nyama. "Binti yangu kaingia mwezi wa tisa. Anauliza kama vitanda vipya vina magodoro mazito au yale membamba. Wewe mtu wa kukaa mbele utakuwa umesikia."

Mchungaji alisema hajasikia. Hilo lilikuwa kweli.

Nyumba ya wageni iliisha upesi, kwani mafundi waliletwa kutoka nje ya mji na walifanya kazi wanaona. Siku binti alipopata uchungu, saa nane mchana, Mama Vifungo alimshika kiuno akamtembeza. Njia aliijua. Unapita mashine ya kusaga, unahesabu hatua mia mbili na kumi na mbili, unaweka mkono ukutani, unafuata ukuta mpaka mlangoni. Alihesabu, akaweka mkono. Ukuta ulikuwa laini na una marumaru. Wamefanya kazi nzuri, alisema. Wakaingia, na ndani pakanukia rangi na maua.

"Karibuni," alisema dada wa mapokezi. "Mmeagiza chumba?"

"Tunataka kitanda," alisema Mama Vifungo.

"Cha mtu mmoja au wawili?"

"Kwa sasa mmoja," alisema binti, akakaa sakafuni.

Wodi ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nne. Walipata lori la saruji lililokuwa linarudi tupu, na mtoto akaja njiani, juu ya magunia matupu. Dereva hakuwa mtu wa mji ule. Alisimamisha gari, akapanda nyuma, akawaambia mtoto ni wa kike na amezaliwa macho wazi.

"Analia?" aliuliza Mama Vifungo.

"Halii."

"Anaangalia nini?"

"Haangalii kitu, mama."

Walimzika kesho yake saa tisa. Mwenyekiti alileta turubai na viti, naye akakaa safu ya mbele, kofia magotini. Makaburi ya mji yako mteremkoni, na kutoka pale nyumba ya wageni huonekana yote, manjano, mapazia ya juu yakipepea. Sanduku lilikuwa dogo kiasi kwamba Mama Vifungo alilipakata mwenyewe, kama mtu aliyeshika kazi ya mteja. Binti alikaa kando yake kwenye mkeka.

Mchungaji alisimama mbele ya shimo katika joho lile la nne. Lilimkaa vizuri. Alisema tufumbe macho, ingawa hapakuwa na jicho la kufumba, akaanza. Aliombea wafiwa. Akaombea wasafiri. Alipofika kwa viongozi sauti ya Mama Vifungo ikapita katikati ya maombi, ya chini, ya mtu anayeuliza bei.

"Mchungaji. Siku ile, na wewe ulifumba?"

Watu hawakugeuka. Mwenyekiti aliinua uso akampa ishara ileile ya kidevu. Mchungaji aliitazama. Akatazama sanduku, na mikono ya fundi juu yake, yenye alama za sindano. Akatazama nyuso za mji wote, safu kwa safu, zimetulia, zinangoja neno lake. Macho yalimuuma kwa upepo na hakuweza kuyafumba. Miaka mitano, alifikiri. Halafu hakufikiri tena.

Akashusha sauti, kama anavyoishusha kila anapofika mwisho wa maombi.

"Sikufumba, mama," alisema. "Niliona yote."

"Amina," mji ukaitikia.