King'ora Kilichoita Ng'ombe

Siku nne mvua ilikuwa imenyesha kule juu milimani, na kwa siku hizo nne Bura hakuwa amelala vizuri. Kazi yake pale bwawani ilikuwa kufungulia maji: kiasi kwa mitambo ya umeme, kiasi kwa mifereji ya mashamba, na bwawa likijaa kupita kiasi, mengi yarudi mtoni. Leo yalikuwa mengi.

Akapiga king'ora ili watu watoke mtoni, kama walivyoelekezwa. Kisha akachungulia chini. Ng'ombe walikuwa wanashuka mtoni.

Akapiga tena. Wakaongeza mwendo.

Ndipo akaelewa. Kiangazi kizima alikuwa akipiga king'ora hichohicho kabla ya kufungulia maji kidogo ya mashamba, na wafugaji wa Dirma, kule chini mbugani, wakajifunza kwamba kikilia, mto mkavu unapata maji. Huko kwao mvua ilikuwa bado haijafika.

Simu ikalia. Alikuwa msimamizi wake, Felician.

"Mzee Bura, imebaki shubiri moja maji yapite juu ya ukuta! Fungua!"

"Kuna ng'ombe mtoni."

"Si upige king'ora?"

"Nimepiga. Ndicho kilichowaleta."

Akaitia simu mfukoni, akaanza kushuka ngazi mia mbili za ukutani. "Bwana, nipe magoti tu," aliomba. "Mengine nitajitahidi mwenyewe."

Chini alimkuta Gidamis, mzee wa wafugaji, ameegemea fimbo yake katikati ya mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mkulima, mtu wa jembe, ameshuka kutusalimia sisi wafugaji?"

"Toa ng'ombe, mzee wangu. Maji yanakuja."

"Najua. Umetuita, tumekuja."

"Haya si ya kunywa. Haya yanabeba nyumba."

Gidamis akamtazama: jasho hadi kiunoni, anahema. Akapiga mluzi. Ng'ombe wenye kiu waligoma kuuacha mto, wakang'ang'ania mchangani, hata wazee wote wawili wakawachapa na kuwasukuma kwa mabega, mpaka wa mwisho akapanda ukingo.

Bura akaketi juu ya jiwe. Simu ilikuwa inalia tena.

"Sasa siku ya maji ya kunywa utatuitaje?" Gidamis akauliza.

"Nitapiga king'ora."

"Na siku ya haya yanayobeba nyumba?"

Bura akaziangalia zile ngazi, toka ya chini hadi ya juu kabisa.

"Nitashuka," alisema.

Akainuka, akaanza kupanda, hatua moja, pumzi mbili.