Usitikisike, Bibi

"Usitikisike, bibi," nilimwambia Bibi Fransiska, aliyeketi kitini uani kwake Sumbawanga. Alikuwa mgonjwa, na wajukuu walitaka picha yake leo leo.

Kamera ikaganda. Nikabonyeza, kimya. Nikaizima, ikakataa kuzimika. Shenzi! Nikikosa picha hii, nitawaambia nini? Nikachomoa betri, nikaipasha kwapani, maana baridi yetu hii huiua. Nikachomoa na kadi ya kumbukumbu, nikaifuta.

"Usitikisike, bibi!" nikafoka bila kuinua macho.

Nikarudisha vyote, kamera ikawaka. Nikapiga picha tatu, safi kabisa, macho yake wazi.

"Tayari, bibi. Sasa unaweza kutikisika."

Nikarudia, polepole. Kilichotikisika ni kitenge chake, kwa upepo.