Nusu Toni Chini

Asubuhi ile sikuweza kutulia. Nilikaa, nikasimama, nikafuta besi yangu ambayo haikuwa na vumbi, nikaenda kuhakikisha mlango wa studio umefungwa, nikarudi. Wifi yangu, anayetupigia dramu, akaniuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia nasikia baridi. Mle ndani kulikuwa na joto la tanuri, na wifi ni mwokaji mikate, kwa hiyo alinitazama tu.

Tulikuwa tumekodi chumba kwa muda wa saa tatu tu. Nyimbo nane za albamu zilikuwa zimeshaingia kwenye mashine, ulibaki wa tisa, na saa sita mchana chumba kilikuwa cha watu wa tangazo la sabuni. Kesho yake mpiga gitaa wetu alikuwa anahamia nchi nyingine kikazi, basi hapakuwa na siku nyingine. Sisi ni bendi ya pawa metali, ile hevi metali ya kishujaa yenye mapanga, ngome na viitikio vya kuimbwa na umati, ingawa umati wetu mkubwa kabisa ulikuwa watu sabini na mbwa mmoja. Tunarekodi kwa mtindo wa zamani: wote chumba kimoja, kwa mkupuo mmoja, kompyuta isirekebishe sauti ya mtu. Sheria hizo ni za kaka yangu, ambaye ndiye mwimbaji. Wanamwita Radi. Siku za kazi anatengeneza mafriji.

Wimbo wa tisa unaishia kwenye ukelele mmoja mrefu, juu kabisa, pale jeshi linapovunja lango. Kaka aliutunga akiwa na miaka ishirini na minne. Sasa ana arobaini na saba. Mwaka jana, jukwaani, alipofika pale sauti ilimkatika, ikatoka kama bawaba isiyo na mafuta. Watu wawili watatu walicheka. Kaka alimaliza wimbo, akashuka, akakaa wiki tatu nyumbani bila kusema zaidi ya "nipe chumvi" na "funga mlango". Niliogopa sana. Namjua kaka yangu: akiacha kuimba hana kingine cha kumtoa kitandani.

Sasa niseme nilichofanya. Katika bendi yetu, tangu siku tuliyogombana nusura tushikane mashati juu ya gitaa la nani limepotoka, tulikubaliana nyuzi zote zikazwe na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Mwingine haruhusiwi kugusa vigingi vya kuzikazia. Basi baada ya zile wiki tatu nililegeza kila kitu kwa nusu toni. Wimbo uleule, maneno yaleyale, ila dari limeshushwa kidogo ili kaka aliguse. Mpiga gitaa alishtuka siku ya kwanza, nyuzi zilimlegea vidoleni. Akanitazama, nikamtazama, akaendelea kupiga. Kaka akaufikia ukelele, akabaki anacheka peke yake pale kwenye kona, na tangu siku hiyo akawa mtu tena. Nilijisifu moyoni, sifichi.

Saa tano na nusu, tumeshachoka kumsubiri kaka, mlango ulifunguka, akaingia na mwanamke mwenye miwani aliyekumbatia kinanda.

"Nimewaletea zawadi," kaka akasema. "Huyu ni mwalimu wa piano wa binti yangu. Atatujazia kiitikio cha mwisho."

Kaka anapenda kushtukiza watu. Nikaanza kutafuta visingizio, maana gitaa unaweza kulilegeza upendavyo, lakini kinanda hakina vigingi. Nikasema kinanda si cha mtindo wetu. Nikasema soketi zimejaa. Nikasema muda hautoshi.

"Leo una nini wewe?" kaka akauliza.

Mwalimu alikuwa ameufanyia wimbo mazoezi kwake, kwa karatasi aliyoandikiwa. Tukaanza. Kabla ya mstari wa pili kila mtu alikuwa amekunja uso. Kinanda na gitaa vilikuwa vinakwaruzana hadi meno yanauma.

"Samahani," mwalimu akasema, akivikagua vidole vyake. "Nadhani nimekosea mimi." Akajaribu tena, ikawa vilevile.

Fundi mitambo akabonyeza spika yake nyuma ya kioo. "Hujakosea, mwalimu. Wao wako nusu toni chini. Hata zile nane ziko hivyo. Bendi nyingi zinafanya, kumpunguzia mwimbaji mzigo." Alisema kwa wema kabisa, na mimi nilitamani umeme ukatike.

"Basi hamna shida," mwalimu akasema. "Hapa kuna kitufe cha kushusha toni."

"Usishushe," kaka akasema.

Akanigeukia. Hakumuuliza mtu mwingine. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuongea tena."

Wifi aliweka vijiti vyake chini. "Wifi, mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja," akasema. "Hata mimi usiniambie?"

Kaka alikunywa maji polepole mpaka nikataka kumpokonya chupa. Halafu akasema, "Kaza."

"Kaka, tumebakiwa na muda kidogo. Turekodi kama tulivyozoea, halafu tutazungumza."

"Nimesema kaza."

Nilikaza. Gitaa kwanza, kisha besi. Nilikuwa naomba uzi ukatike, uzi wowote ule, tufunge vitu twende nyumbani. Sauti ikimvunjikia tena, mbele ya mgeni na mbele ya kioo, safari hii ni mimi niliyemfikisha pale. Hakuna uzi uliokatika.

Tukapiga. Besi yangu hukimbia mwendo wa farasi, na siku hiyo ilitaka kutoroka kabisa. Wifi ndiye aliyeirudisha kwa dramu zake. Kaka aliimba beti zote akiwa amenipa mgongo. Tulipokaribia lango nilifumba macho.

Aliufikia. Sauti ilipanda nzima, ikasimama kule juu, ikakaa, na aliposhuka alishuka kwa hiari yake. Fundi akasema, "Hiyo imeingia." Wifi alijipangusa uso kwa fulana. Mimi nililia waziwazi kwa furaha, na furaha yenyewe ilidumu kama dakika moja.

Kaka alikuwa amekaa juu ya spika kubwa ya besi. "Zile nane," akamwambia fundi, "tunaweza kuzirudia?"

Fundi alitazama saa. Watu wa sabuni walikuwa wanagonga mlango. Mpiga gitaa aliangalia viatu vyake.

"Basi zitatoka hivyo," kaka akasema. "Nane naziimba kama mtu anayelishwa uji."

Nilitaka kumwambia kwamba ule mwaka mzima wa kuufikia ukelele ndio uliompa ujasiri wa leo, kwamba bila mimi asingesimama pale hata kidogo. Huenda ni kweli. Lakini aliniwahi.

"Kumbe ulidhani siwezi."

Ningeweza kusema nilimhurumia, au nilimpenda, na yote mawili ni kweli. Alikuwa ananitazama usoni, na huyo ndiye aliyenifundisha kushika besi.

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Nilidhani huwezi."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akasimama, akainama, akashika spika upande mmoja, kwa sababu ni nzito na hubebwa na watu wawili.

"Shika huko," akasema.

Nikashika. Tukatoka nayo, yeye mbele akienda upesi, bila kugeuka nyuma hata mara moja.