Mbegu Zilizochemshwa

Mama yangu, Fredrika, alizikwa Julai, upepo wa mashariki ulipokuwa ukichoma. Aliniachia kilima kimoja cha mchanga chenye nara, mtikiti wa miiba wa jangwani, kusini ya mto Kuiseb. Kwetu mahali ni pa ukoo maadamu pana kichaka cha nara kilicho hai. Kikifa, mwingine anaweza kupachukua. Kichaka cha mama kilikuwa kikinyauka tangu maji ya chini yaliposhuka. Fundo la mwisho la miiba ya kijani lilikauka wiki mbili baada ya maziko.

Binamu yangu Efraim, aliyepataka mahali hapo, alinipa muda mpaka mavuno niwe na kichaka kipya. "Sina haraka, dada," alisema. "Lakini punda wangu hawali kumbukumbu."

Nilichukua mfuko wa mbegu uliokuwa kando ya kitanda cha mama, nikapanda tatu ubavuni mwa kilima, nikazimwagilia maji ya kuogea. Kesho yake shangazi Rosina aliuliza nimepanda zipi. Nikampa mfuko. Akatia mbegu moja mdomoni.

"Zina chumvi hizi. Alizichemsha Machi, za kutafuna. Mbegu za kupanda huokotwa kwenye mavi ya mbweha, na mama yako hakuokota mwaka huu."

Efraim aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Umepanda mchuzi, dada. Ongeza viazi."

Niliendelea kumwagilia hata hivyo. Ilikuwa sababu ya kutoka nyumbani.

Asubuhi ya siku ya ishirini na sita, ukungu ukiwa bado chini, nikakuta chipukizi moja, jembamba kama njiti. Nilimwita shangazi. Alisimama mbali, mikono ndani ya shali.

"Kilichopikwa hakioti, mwanangu. Ling'oe."

"Nikiling'oa Efraim anapachukua."

"Na apachukue."

Sikuling'oa. Nilikwenda kila siku, na kila siku niliona jambo lile lile. Mchanga wetu huandika kila kitu: mbawakawa, mjusi, mbweha, nyayo zangu za jana. Lakini kulizunguka chipukizi, upana wa kanga moja, hapakuwa na alama yoyote. Mchanga ulikuwa umelainishwa, kama shuka lililonyooshwa na mtu kabla ya kulala.

Efraim alipopata habari alikuja na mkokoteni wake. Alichuchumaa, akatazama, akasimama haraka.

"Nani anafagia hapa?"

"Sijui."

"Usinitanie. Umelitoa kwingine ukalichomeka hapa ili mahali pabaki pako. Chimba tuone. Kama limetoka kwenye mbegu yako, ganda lipo."

Alikuwa na haki ya kutaka hivyo. Nilichimba kwa vidole, polepole, nikiogopa kukata mzizi, maana ukikatika nimepoteza kila kitu. Mzizi ulishuka moja kwa moja, haukuwa wa kuhamishwa. Shingoni mwake ganda lilikuwa limeng'ang'ania. Efraim alilibandua, akaligeuza kwenye mwanga.

Watu wa mto huu hutafuna mbegu za nara tangu utotoni, na tunajua maganda ya wenzetu kama tunavyojua nyayo zao. Mama hakuwa na meno ya mbele. Alipasua mbegu kwa gego la kushoto, na ganda lake lilibaki na pengo dogo kama alama ya ukucha. Pengo lilikuwepo. Ndani palikuwa pamekombwa, pasafi.

"Hii imeshatafunwa," alisema Efraim.

"Mimi nilipanda nzima."

"Nimesikia."

Aliliweka ganda kiganjani mwangu kwa ncha za vidole, akajifuta mkono kwenye suruali, akaenda kwa punda wake. Alisema bila kugeuka, "Kaa napo, dada. Mimi sipataki. Wala wanangu hawatapataka."

Nilirudisha ganda, kisha mchanga.

Jioni shangazi aliuliza kama nimeling'oa.

"Mzizi ni mrefu, shangazi."

Alinitazama, kisha akasogeza kiti chake mbali kidogo na changu.

Sasa hakuna anayekubali kunisindikiza. Mimi huenda adhuhuri, peke yangu, na kibuyu cha maji. Kila nifikapo mchanga umeshalainishwa. Huvua viatu, nikasimama ukingoni, nikanyoosha mkono na kumwaga maji kutoka hapo hapo. Ndani sikanyagi. Husalimia, kisha hungoja kidogo kabla ya kuondoka.