Kadi ya Kwenye Upindo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kimya alifungua pazia la chumba chake na kubonyeza kona ya upindo wa chini kwa vidole viwili. Akishausikia ule ugumu mdogo ndani ya kitambaa, alishusha pumzi na kwenda kubandika maji ya chai. Alifanya hivyo kama mtu anayerudi kuusukuma mlango aliokwisha kuufunga.

Jina la Kimya alipewa na dada yake wakiwa wadogo, likamganda. Alikuwa fundi wa mapazia, na kadi zake tatu za mkopo alizipangia kazi kama walinzi wanavyopangiwa zamu. Ya bluu ilikuwa ya vitambaa na nyuzi. Mteja akilipa, naye analipa benki yote, habakizi kitu. Ya kijani ilikuwa ya nyumbani, umeme na dawa. Ya kijivu ndiyo yenye kikomo kikubwa kuliko zote, na ndiyo aliyoiogopa. Siku benki ilipomwandikia kwamba imempandishia kikomo bila yeye kuomba, watu wengine wangefurahi. Yeye aliona kama amekabidhiwa mtoto wa watu. Akaishona ndani ya upindo wa pazia, ili siku ya kutaka kuitumia ateseke kwanza kufumua. Ilikuwa ikisubiri kazi moja kubwa, ile ambayo hutaki ikupite kwa sababu tu huna pesa ya kitambaa. Siri hiyo aliijua dada yake peke yake.

Asubuhi hiyo vidole vilikuwa bado kwenye upindo simu ilipolia.

"Fundi, mzigo wako umefika," alisema muuza vitambaa, mtu asiyekuwa na muda wa salamu. "Lakini kuna mwenye hoteli hapa anauangalia kwa jicho la mapenzi. Njoo ulipe kabla ya saa sita. Ukichelewa usije ukaninunia."

Ilikuwa ndiyo ile kazi. Wodi ya wazazi katika hospitali mpya, mapazia ya madirisha yote na yale marefu ya kutenganisha vitanda. Mkuu wa wauguzi alikuwa ameyaona mapazia yake nyumbani kwa mteja mmoja, akageuza upindo, akausoma mshono kama anasoma barua, kisha akauliza fundi ni nani. Kazi hii ikienda vizuri, wodi nyingine zingefuata.

Kimya akachukua mkasi mdogo, akafumua. Uzi ulikatika upesi mno. Yeye alizoea kushona kwa uzi uliokunjwa mara mbili, na fundo hulipeleka nje, upande wa ukutani, lisimsumbue siku ya kufumua. Huu ulikuwa uzi mmoja, na fundo lake lilikuwa limefichwa ndani kabisa. Alimjua mtu mmoja tu anayeficha fundo namna hiyo, naye ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Wazo hilo likampitia usoni kama inzi, akalipunga. Labda siku ile alishona akiwa na usingizi. Akaitia kadi mkobani, akatoka.

Ghalani, majora ya kitambaa cha rangi ya maziwa yalikuwa yamelazwa juu ya meza. Kimya aliyapapasa, akajikuta anatabasamu peke yake. Mwenye hoteli, mzee mwenye miwani iliyopanda hadi kwenye kipara, alikuwa amekaa kitini akimtazama.

Muuza vitambaa akaigusisha kadi kwenye kimashine. Kikalia kwa uchungu.

"Inakataa."

"Labda mtandao," Kimya akasema.

"Mtandao sasa hivi umempitisha mwenzako aliyetoka." Akajaribu tena. Akageuza kioo ili aone mwenyewe. "Kikomo kimefikiwa. Umekula nini, fundi?"

"Haijawahi kutumika hiyo."

"Basi imejitumia yenyewe. Nazijua kadi za aina hiyo, ninayo moja nyumbani na nimemuoa."

Mwenye hoteli akacheka. Kimya akasema samahani, hata hakujua anamwomba nani radhi, akatoka barazani kupiga simu benki.

Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti ya upole wa kazini. Alimuuliza maswali ya kumtambua, kisha akamwambia kwamba kadi ilikuwa ikitumika tangu mwaka uliopita, na kwamba kila mwezi ililipiwa kile kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo benki haikuwa na sababu ya kumtafuta.

"Lakini mimi sijapata ujumbe hata mmoja."

"Tunatuma kila inapotumika, dada. Kwenye namba uliyoandikisha." Akazitaja tarakimu za mwisho.

Kimya alizijua kwa moyo. Siku ya kuchukua kadi, simu yake ilikuwa kwa fundi simu, na dada yake aliyemsindikiza alisema, andika yangu, kwani mimi na wewe tuna siri gani. Na namba ya siri ya kadi ilikuwa ni mwaka aliozaliwa mama yao. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wawili walikuwa wakiukumbuka mwaka huo.

"Imenunua nini?" aliuliza.

"Samani. Vipuri vya gari. Samani tena. Na manunuzi ya kwanza kabisa yalikuwa kwenye duka la vyerehani." Mwanamke akaitaja tarehe.

Ilikuwa siku aliyofungua karakana yake. Siku hiyo dada alikuja na boksi kubwa lenye utepe mwekundu, akalitua katikati ya wageni, na ndani mlikuwa na cherehani cha umeme. Kimya, ambaye hata darasani alikuwa akijibu kwa kunong'ona, alisimama mbele za watu akahutubia. Alisema dada amekuwa mama yake. Alisema kila mshono utakaotoka kwenye mashine ile utakuwa na mkono wa dada. Watu walipiga makofi, na dada akajifuta machozi kwa utepe. Hotuba hiyo moja ndiyo aliyokuwa nayo katika maisha yake.

Alirudi ndani. Kadi ya bluu ilitosha kitambaa cha madirisha tu. Kile cha kutenganisha vitanda alikiacha mezani, na kabla hajamaliza kutia sahihi, mwenye hoteli alikuwa ameshasimama kuhesabu majora yake mapya. Alimpigia mkuu wa wauguzi akiwa palepale, asije akapoteza ujasiri njiani.

"Nashukuru umeniambia mapema," mkuu wa wauguzi alisema. "Basi shona ya madirisha. Ya vitanda nitampa mwingine."

Dada yake alikuwa mpokea wagonjwa katika kliniki ya meno. Alikaa nyuma ya kioo chenye tundu, kucha zimepakwa vizuri, sauti yake ikiwatuliza watu walioshika mashavu. Alipomwona Kimya alinyanyuka akiwa na furaha ya kweli.

"Mdogo wangu, jino au njaa?"

Kimya aliiweka kadi ya kijivu kwenye tundu la kioo. Dada aliitazama. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni likitafuta mahali pa kwenda.

"Twende nyuma," alisema.

Nyuma palikuwa na chumba kidogo cha kunywea chai, chenye sinki na makoti meupe yaliyotundikwa. Kupitia ukutani walisikia mashine ya daktari ikisaga jino la mtu.

"Nilikuwa nizungushe tu," dada alianza, akifunga mlango. "Zangu zote zilikuwa zimejaa. Ninazo nne, Kimya, hii inailipa ile, ile inailipa nyingine, mpaka sijui nimelipa ipi. Shemeji yako hajui. Nikaona yako imelala tu ndani ya pazia."

"Ulikuwa na ufunguo wa nyumba yangu wa kuja nikiumwa."

"Najua."

"Ukafumua, ukanunua, ukairudisha, ukashona. Leo imekataliwa nikinunua kitambaa cha wodi ya hospitali."

"Kila mara niliirudisha. Mwizi anarudisha?" Alijaribu kucheka. "Sikiliza. Hili ni jambo dogo. Piga simu benki sasa hivi, waombe wakupandishie kikomo. Una rekodi nzuri, hawatakataa. Unapata kitambaa chako leo leo, mimi nakulipa taratibu."

"Rekodi nzuri ya nani? Aliyekuwa akilipa kiwango cha chini ni wewe."

Dada aligeukia sinki. Akachukua kikombe kilichokuwa kisafi, akakiosha.

"Na cherehani?" Kimya aliuliza.

"Nilitaka nikupe kitu. Wenzangu wote walikuwa wanaleta zawadi, na mimi ndiye dada yako. Ningekuja mikono mitupu?" Akakiweka kikombe chini. "Ulivyosimama ukasema yale maneno, nilitaka kukwambia. Wallahi nilitaka. Lakini yalikuwa matamu."

Kimya alimwangalia, mabega yale yale aliyobebwa nayo homa ilipompanda, mikono ile ile iliyomwongoza sindano. Akaona machozi yanamlenga dada, na mwili wake wote ukaanza kutenda kama ulivyozoea: mkono ukanyooka kumshika dada bega, mdomo ukafunguka kusema haina neno. Alikuwa amelisema neno hilo maisha yake yote, kwa wateja wasiolipa, kwa majirani, hata kwa mtu aliyemkanyaga mguu. Lilikuwa tayari ulimini.

Mlango ukagongwa. Mgonjwa alikuwa akiuliza kama zamu yake bado.

"Anakuja," Kimya alimjibu, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua. Kisha akaurudisha mkono wake kando.

"Ungekuja ukaniomba, ningekupa," alisema. "Ningekupa yote na nisingekuuliza ya nini. Wewe ulijua hivyo, ndiyo maana imeniuma. Uliniacha nisimame mbele za watu nikushukuru kwa deni langu mwenyewe. Kazi ya vitanda imekwenda leo, na hiyo nitaizoea. Lakini hotuba yangu ile naitaka, dada, na huwezi kunirudishia."

Akakinga kiganja.

"Nipe ufunguo wa nyumba yangu. Sitaki uje tena nikiwa sipo."